Je, wajua kwa nini mtoto anayeigiza hadithi husoma vizuri zaidi?

Chukua sentensi hii, ya hadithi ya kuku aliyepotelewa na yai: "Kicheche amekula yai." Ikiwa na nukta, ni taarifa. Ukiweka alama ya kuuliza, maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule, ila sasa kuku ana shaka. Ukiweka alama ya mshangao, banda zima limeamka. Kwa Kiswahili, ukisoma kwa sauti, kinachotenganisha sentensi hizi ni kiimbo tu, yaani sauti inavyopanda na kushuka. Mtoto anayezisoma zote kwa mkokoto mmoja, "ki-che-che a-me-ku-la ya-i", hajakosea herufi hata moja. Lakini je, amesoma? Mimi nasema bado.

Mwaka 1986, watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la kuzidisha mambo mawili: kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha; kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri. Hapa Kiswahili hutuponza. Kwa kuwa tunaandika karibu kama tunavyotamka, mtoto huweza kutamka ukurasa mzima mapema sana, nasi tukashangilia kabla hatujajua kama ameelewa.

Maigizo huufichua ukweli huo papo hapo. Mpe mtoto nafasi ya kuku, asome: "Nani amekula yai langu?" Akilisoma kavukavu, usimkosoe. Mwulize, "Wewe kuku unamjua aliyelila?" Atasema hamjui. "Basi niulize kama mtu asiyejua, tena aliyepotelewa." Atarudi kwenye mstari, atautazama upya, na safari hii "nani" litatoka kwa uzito wake. Hakuna kanuni ya sarufi uliyomfundisha. Ameielewa sentensi, sauti ikafuata.

Halafu kuna suala la kurudia. Mtafiti S. Jay Samuels aliandika mwaka 1979 kuhusu kusoma kifungu kifupi tena na tena mpaka ulimi ulainike, akaonyesha kuwa wepesi huo huhamia hata kwenye vifungu vipya. Shida ni kwamba mtoto ukimwambia "rudia" mara ya nne, huona anaadhibiwa. Mwambie tunafanya mazoezi ya mchezo, atadai zamu yake. Wadogo zaidi hawahitaji hata kubembelezwa. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi zilezile walijifunza maneno mapya zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti, ingawa maneno hayo waliyasikia mara zilezile. Kwa hiyo mtoto akikuletea kitabu kilekile kwa mara ya kumi, tafadhali msomee.

Mavazi na jukwaa si lazima. Chagua kitabu chenye mazungumzo mengi, mmoja awe msimulizi, wengine wahusika, na kila mtu ashike kitabu chake. Kukariri nisingekuhimiza kabisa, maana mtoto akishakariri, macho huacha maandishi. Ukiona ameanza kutazama dari, badilisheni nafasi. Kwa matamshi, zitumieni tanakali za sauti: yai likianguka pu! mchangani, au chubwi! majini, hata mtoto mwenye haya hujikuta amepaza sauti, kwa sababu si yeye anayesema, ni hadithi.

Nafasi ninayoipenda kuliko zote ni ya kicheche, hata akiwa na neno moja tu: "Sijui." Msomaji wake lazima aamue kama anasema kweli au anadanganya, maana kila jibu lina sauti yake. Wenzake watabisha. Hapo utawaona wanafunua kurasa za nyuma wenyewe, wakitafuta ushahidi: nyayo kwenye mchoro, ganda chini ya kichaka, sentensi waliyoipita mbiombio.