Nyumba ya Henry Gerber: kwa nini chumba cha kupanga kilindwe

Ukienda Old Town, Chicago, kuiona nyumba ya Henry Gerber, mtetezi wa awali wa haki za wapenzi wa jinsia moja, jua mapema kwamba huingii ndani. Namba 1710 North Crilly Court ni makazi ya watu. Utasimama njiani, utazame matofali na safu ya nyumba zilizoshikana za miaka ya 1880.

Kazi yangu ni historia ya majengo, na wageni huniuliza: nyumba hii Gerber hakuijenga wala hakuimiliki, alipanga chumba tu, sasa inahifadhiwa ya nini?

Gerber alizaliwa Bavaria mwaka 1892, akahamia Marekani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alirudi Ujerumani akiwa askari wa Marekani, akakuta huko wapenzi wa jinsia moja wana vyama na majarida yao. Akiwa karani wa posta Chicago, mwaka 1924 alisajili Chama cha Haki za Binadamu, chama cha kwanza cha kutetea wapenzi wa jinsia moja Marekani kinachojulikana kusajiliwa kisheria. Rais wake alikuwa mhubiri Mweusi, John T. Graves. Ujasiri wa kutia jina lako kwenye fomu ya serikali mwaka ule, kwa jambo lile, bado unanishangaza.

Mwaka 1925 polisi walivamia chumba chake bila hati ya mahakama, wakamkamata, wakabeba taipureta na karatasi za chama. Hatimaye kesi ilifutwa, lakini mawakili walikuwa wamemaliza akiba yake, na posta ikamfukuza. Chama kikafa. Jarida lake, Friendship and Freedom, lilitoka mara mbili tu, na hakuna nakala inayojulikana kubaki.

Ndiyo maana naitetea anwani hii. Karatasi zilipochukuliwa, mahali palibaki.

Jiji liliitangaza nyumba hii kuwa ya kihistoria mwaka 2001, serikali kuu mwaka 2015. Watu hudhani tangazo la taifa ndilo lenye nguvu, lakini sivyo. Lile huleta heshima bila kumzuia mwenye nyumba anayetumia fedha zake kuibadilisha. Sheria ya jiji ndiyo inayodai kibali cha tume ya jiji ya majengo ya kihistoria kabla ya kubadilisha sura ya nje.

Usibishe hodi. Ukitaka kushika nyaraka za historia hii, panda kaskazini hadi maktaba ya Gerber/Hart, iliyoanzishwa mwaka 1981. Inabeba jina lake pamoja na la Pearl Hart, wakili aliyewatetea watu kama yeye.