Pikseli Nyingi Hazinyooshi Rula
Wengi huamini kamera yenye pikseli nyingi ndiyo hupima kwa usahihi. Sivyo. Pale Dunga, ufuo wa wavuvi Kisumu, laza rula kando ya samaki ngege ili kumpima, upige picha kwa lenzi pana, inayochukua eneo kubwa: rula ikikaa ukingoni mwa picha huonekana imepinda. Ongeza pikseli, utauona upinde ule ule kwa uwazi zaidi. Kosa limo kwenye lenzi, nalo hukua kadiri unavyotoka katikati.

Dawa ni ubao wa miraba myeusi na myeupe, kama wa drafti. Piga picha 10 hadi 20 ukiuinamisha huku na huku. Programu hulinganisha pembe za miraba na vipimo vyake halisi, ikapata tarakimu za kunyoosha picha. Mtafiti wa kompyuta Zhengyou Zhang alichapisha njia hii mwaka 2000. Tafadhali, ubao uwe bapa kabisa: karatasi iliyokunjamana huharibu kila kitu. Ukibadilisha zumu (kuvuta picha karibu au mbali), rudia kazi hii ya ubao.