Sauti nzito haifungui tumbo

Hapa Lubumbashi, simama karibu na spika kubwa kwenye harusi mtaani Kamalondo na hutakosa mtu wa kukuonya: kuna besi nzito ambayo ikipigwa, tumbo linafunguka papo hapo. Wapenzi wa muziki wa kelele za mitambo, ambao kundi la Throbbing Gristle lilisaidia kuuanzisha Uingereza kuanzia 1975, huisimulia habari hiyo kwa fahari kabisa.

Si kweli. Miaka ya 1960 wataalamu wa anga wa Marekani waliwapigia watu sauti nzito mno, nyingine chini ya hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), kwa nguvu ambayo hakuna baa ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, inayoifikia. Kifua kilitikisika, koo likabana, pumzi ikabadilika. Suruali zilibaki safi.

Kile unachohisi kifuani, hata hivyo, hukidhanii tu. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Weka bilauri ya maji juu ya spika uone uso wake unavyokunjamana. Mapafu nayo yamejaa hewa, basi besi ikipita yanatetemeka, na mtu anaapa kwamba moyo umeruka pigo.

Kinachoumia ni sikio. Kwa desibeli 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti), dakika 15 kwa siku ndiyo kiwango cha tahadhari. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Ule mlio wa “nziii” unaokusindikiza hadi kitandani baada ya harusi unatokea huko, na tumbo halihusiki.