Prithviraj Chauhan hakumuua Ghori kwa mshale

Kisa chenyewe kinasisimua. Prithviraj Chauhan, mfalme wa Kihindu wa Ajmer, kaskazini-magharibi mwa India, anatekwa na Muhammad Ghori, mtawala Mwislamu aliyeivamia India, anapelekwa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, na kutobolewa macho. Huko, rafiki yake mshairi Chand Bardai anamdokezea kwa beti mahali adui alipoketi. Kipofu anavuta upinde, na Ghori anaanguka.

Tarehe zinakikataa. Prithviraj alimshinda Ghori huko Tarain, kaskazini mwa India, mwaka 1191, akashindwa naye mahali pale pale mwaka uliofuata, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Ghori aliuawa mwaka 1206, karibu na mto Indus, mbali na Ghazni. Miaka 14 hivi imewatenganisha! Wanahistoria wa karne ya 13 hawakubaliani: mmoja anasema Prithviraj aliuawa mara alipokamatwa, mwingine kwamba alirudishwa Ajmer, akauawa kwa kula njama. Zipo hata sarafu zenye majina ya wote wawili, dalili kwamba huenda alitawala kwa muda mfupi chini ya mshindi wake. Mashabiki wake hawapendi kulisikia hilo.

Kisa cha mshale kinatoka kwenye utenzi wa Prithviraj Raso, ulioendelea kuongezwa beti karne nyingi baada ya kifo chake.