Dola 3,500 za jina la domeini: tulivyozipima

Gari lilikuwa limeshapigwa rangi, Land Cruiser ya viti saba, limesimama uani kwa mkata stika pale Unga Ltd, Arusha. Kijana alikuwa amefuta milango kwa spiriti, anasubiri kitu kimoja tu: anuani ya tovuti itakayokaa chini ya jina la kampuni. Dada mwenye gari akanipa simu nisome barua pepe aliyotumiwa. Mwandishi anasema ana domeini, yaani jina la anuani ya tovuti, inayoishia na .com, maneno matatu yaliyoungana, la pili "trekking" na la mwisho "safaris". Yuko tayari kuiachia kwa dola 3,500, ila aharakishe, kuna wengine wawili wanaitaka.

"Kaka, hii bei ni ya kweli, au ananipima tu?"

Natengeneza tovuti za kampuni za utalii, hosteli na shule za Arusha na Moshi, na swali hili naletewa mara kwa mara. Watu hutegemea nitafungua mahali fulani, niandike jina, bei itoke. Kusajili .com isiyo na mwenyewe ni dola kumi na kitu hadi ishirini kwa mwaka, jina liwe zuri au baya. Kinachozidi hapo ni maelewano ya watu wawili, na mmoja wao anajua una haraka. Ndiyo maana mimi huanzia upande wa pili: hili jina lisingekuwepo, ungejiita nani? Tafuta jina la pili, lililo wazi, unaloweza kulilipia leo kwa bei ya kawaida. Ukishakuwa nalo mkononi ndipo unaweza kuuliza la kwanza linalizidi kwa kitu gani, na hicho kitu kitakuingizia shilingi ngapi. Bila jina la pili huna cha kupimia.

Tukakaa kwenye benchi la fundi na simu mbili. Baada ya nusu saa hivi tukalipata: neno moja la Kiswahili la silabi tatu, likafuatiwa na "safaris". Kwenye .com halikuwa na mtu.

Jina nalipima kwa sikio kabla ya macho. Nikampigia dereva wake, aliyekuwa njiani kutoka Karatu, nikamtamkia majina yote mawili mara moja tu, nikamwomba akisimama ayaandike anitumie kwa WhatsApp. La Kiswahili lilirudi sahihi, herufi kwa herufi. La muuzaji lilirudi na makosa mawili: "trekking" imepungukiwa k moja, na "safaris" imepoteza s. Na huyu ni mtu anayeyaona maneno hayo kwenye mabango kila siku. Kila kosa la namna hiyo ni barua pepe ya mgeni inayopotea, au inayoangukia kwa kampuni nyingine yenye jina linalofanana.

Kiswahili kinatubeba hapa kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa. Lakini anayelipa safari hayupo Karatu, yupo Hamburg au Chicago, kwa hiyo sikio lake nalo lipimwe. Mjerumani akiona j anaweza kuisoma kama y. Majina yanayoanza na Ng, Mw au Nd huwasumbua wageni wengi, na nimeona zaidi ya mara moja mgeni akiidondosha herufi ya kwanza. Ukitaka neno lenye ng', jua kwamba alama ile juu haiingii kwenye domeini. Zinazokubalika kwa kawaida ni herufi, tarakimu na kistari, basi. Kistari nacho sikipendi. Ukikitaja kwenye simu, mmoja ataandika "dash" kwa herufi, mwingine atakiacha. Jina lenye kistari silipi zaidi ya ada ya kusajili, hata likiwa na neno tamu kiasi gani.

Nikaingia kwenye historia. Kuna Wayback Machine ya Internet Archive, iliyo wazi kwa watu wote tangu 2001. Unaandika anuani, inakuonyesha kurasa zilizowahi kuwepo hapo. Jina la muuzaji lilianza kama kampuni ya utalii kweli, likapotea, halafu likaibuka na kurasa za kamari, kisha likawa tupu na bango la "linauzwa". Dada aliponiuliza kuna ubaya gani, nikamsimulia langu. Miaka ya nyuma nilimnunulia mteja jina lililokwisha muda, fupi, la kuvutia, na nilifurahi sana kulipata kwa bei ndogo. Sikutazama lilikotoka. Kumbe aliyekuwa nalo alilitumia kurusha barua pepe za ulaghai. Kwa miezi mitano majibu yetu yalikuwa yanaingia kwenye spamu za wageni. Kuna mume na mke waliouliza bei ya Ngorongoro, wakajibiwa siku ileile, wakaamini tumewadharau, wakaenda kwingine. Tulilitupa jina, tukaanza upya. Mteja hakunilaumu, lakini kosa lilikuwa langu, na tangu hapo sijadili bei ya jina lililowahi kutumika kabla ya kufungua historia yake.

Kitu kingine cha kuangalia ni kama muuzaji ndiye mwenyewe. Kwenye RDAP, huduma ya mtandaoni ambayo tangu Januari 2025 ndiyo njia rasmi ya kuulizia usajili wa domeini kama .com badala ya ile ya zamani, WHOIS, utaona jina lilisajiliwa lini, linaisha lini na liko katika hali gani. Domeini ya .com isipolipiwa haifutiki siku hiyohiyo. Msajili, yaani kampuni uliyosajilia, anaweza kuishikilia hadi siku 45, zinafuata siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kuikomboa kwa gharama zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu iko huru kwa yeyote. Nimewahi kukuta jina "linalouzwa" kwa mamia ya dola likiwa ndani ya zile siku 5. Aliyekuwa analiuza hakuwa nalo. Alikuwa anatafuta mnunuzi kwanza, alidake baadaye.

Muuzaji wetu yeye alikuwa nalo. Alikuja na hoja tatu.

Ya kwanza, kwamba majina ya .com yameuzwa kwa mamilioni. Ni kweli, voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Hilo ni neno moja la Kiingereza analolijua mtoto wa darasa la kwanza, na mnunuzi alikuwa kampuni yenye mabilioni. Halisemi chochote kuhusu maneno matatu yaliyogandishwa. Ukitaka mfano wa karibu, tovuti ya NameBio inakusanya mauzo ya domeini yaliyotangazwa. Tafuta humo yanayofanana na lako kwa urefu, maneno na mwisho wake. Kumbuka tu kwamba yaliyouzwa kimyakimya hayamo, na yaliyokosa mnunuzi kwa miaka 10 hayamo pia.

Ya pili, picha ya mashine ya mtandaoni ya kukadiria bei za domeini iliyosema jina lina thamani ya maelfu. Mashine hizi hulinganisha maneno, urefu na mauzo ya nyuma, na mengi ya mauzo hayo ni ya Kiingereza. Neno kama "karibu" au "shamba" kwao linaweza kuwa herufi tu. Sizitumii kwa jina la Kiswahili, na kwa la Kiingereza naziona kama sauti ya dalali mmoja kati ya wengi.

Ya tatu ndiyo inayowakamata watu wengi hapa mjini: jina lina maneno ambayo wageni huyatafuta, kwa hiyo Google italiweka juu. Zamani lilikuwa na ukweli kiasi. Septemba 2012 Google ilitangaza badiliko lililolenga hasa tovuti duni zilizopanda kwa sababu tu domeini yao inalingana na maneno ya utafutaji. Isitoshe, tazama magari yanayopita Sokoine Road asubuhi moja tu. Kilimanjaro, Kili, Serengeti, adventure, trekking, safaris, yamepangwa kwa kila mpangilio. Mgeni aliyeongea na kampuni nne za majina hayo hawezi kukumbuka ni ipi iliyomjibu vizuri.

Ndipo tukapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Nilimuuliza akishalipa ada za hifadhi, mafuta, malazi na mishahara anabaki na kiasi gani kwa mgeni mmoja. Tukakubaliana tutumie dola 200. Dola 3,500 ni faida ya wageni 18. Nikamwambia asijiulize kama atapata wageni 18, atapata, ni mchapakazi. Ajiulize kama watakuja wageni 18 ambao wasingekuja kabisa angetumia jina la pili. Akafungua daftari lake la msimu uliopita. Wengi waliletwa na wageni waliotangulia na mawakala. Waliompata kwa kuandika tu maneno Google walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Akafunga daftari, akamwita kijana wa stika, akamtajia jina la Kiswahili. Muuzaji akaandikiwa kwa adabu kwamba dola 300 zipo.

Si mara zote hesabu inaangukia huko. Kuna mama mmoja wa Moshi mwenye hosteli upande wa Soweto. Alitumia domeini yake miaka 7, na siku alipotaka kubadilisha fundi wa tovuti akaambiwa jina si lake. Fundi alilisajili kwa jina lake mwenyewe, sasa anataka shilingi milioni 2. Mama alikuwa na cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, akaamini kinatosha. Usajili wa jina la biashara na usajili wa domeini ni vitu viwili tofauti. Nilikasirika kwa niaba yake, bado nakasirika ninapoandika haya, lakini kipimo ni kilekile: jina la pili lina hali gani? Lake lilikuwa baya sana. Anuani ya zamani ilikuwa kwenye bango, kwenye vitabu vya wasafiri, kwenye maoni ya wageni wa miaka 7. Kubwa zaidi, barua pepe ya domeini hiyo ndiyo iliyofungua akaunti zake za kupokea wageni na za benki. Anayeshika domeini anaweza kupokea barua zako, na kwa barua zako anaweza kubadilisha nenosiri lako. Kufungua shauri WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, kwa UDRP, utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya domeini, kunaanzia dola 1,500, na unahitaji kwanza kuonyesha haki ya alama ya biashara. Nikamshauri alipe huku akishusha bei. Waliishia milioni 1 na laki 2, na hela haikutoka mpaka nilipoiona domeini imeingia kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake.

Ukinunua kwa mtu wa mbali usiyemjua, hela ishikwe na huduma ya kati kama Escrow.com mpaka jina lihamie kwako. Na uliza ada ya mwaka wa pili kabla ya kulipa wa kwanza, maana baadhi ya miisho mipya, ile inayokaa mahali pa .com, ina majina yanayolipiwa mamia ya dola kila mwaka.

Baada ya wiki sita muuzaji akarudi na dola 1,400. Dada akanipigia: "Kaka, sasa si imekuwa wageni saba tu?" Ni kweli, saba. Lakini jina la pili sasa lilikuwa kwenye milango ya magari mawili, kwenye fulana za wapagazi, na wageni walishaanza kuliandika kwenye maoni yao. Lile la kwanza lilikuwa limepungua thamani kwake kuliko bei ilivyoshuka. Tukamjibu kwa dola 300 zilezile. Hajajibu, na gari liko Tarangire.