Mzee mwenye dimenshia: nianzieni na habari za usiku

Familia nyingi huja kwangu na orodha ya vitu ambavyo mzee amesahau. Amesahau jina la mjukuu, amesahau kwamba kaka yake alifariki, ameuliza swali lile lile asubuhi nzima, amevaa shati juu ya koti. Wakimaliza kunisomea wananiuliza: "Sista, wakati wa kumpeleka nyumba ya wazee umefika?" Mimi nauguza wazee wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu na uwezo wa kujitunza, wengi wao hapa Mombasa, na orodha hiyo huiweka kando kwanza. Kusahau peke yake hakumtoi mtu nyumbani kwake. Mzee anaweza kukuita mama ilhali wewe ni bintiye, na bado akala vizuri, akalala vizuri, akafurahia upepo wa barazani miaka kadhaa. Ninalotaka kujua ni yanayotokea katika nyumba hiyo kuanzia magharibi hadi adhana ya alfajiri.

Ugonjwa huu huvuruga saa ya mwili. Mchana mzee anaweza kutulia, lakini jua likianza kuzama anaingiwa na wasiwasi: anakusanya nguo mfukoni, anatafuta mlango, anamwita mtu aliyekufa zamani. Wageni hawayaoni hayo. Ndugu anayepita Jumapili baada ya chakula cha mchana humkuta mzee nadhifu, mchangamfu, anayeitikia salamu zote, naye huondoka akisema kwamba anayekaa naye anatia chumvi. Ugomvi mwingi wa familia ninaoitwa kuusuluhisha chanzo chake ni hicho. Kwa hiyo yule mtoto anayepinga kwa sauti kubwa kuliko wote, mimi humwomba aje alale hapo siku tatu mfululizo, tena chumba kimoja na mzee. Akitoka hapo mazungumzo huwa mengine.

Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini Kilindini tangu ujana wake alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda zamu. Alistaafu zamani, lakini zamu ilibaki mwilini. Mkewe, naye mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa akifunga mlango kwa kufuli, anaufundika ufunguo kwenye pembe ya leso aliyojifunga, kisha anatandika mkeka pale pale mlangoni na kujilaza. Kila nilipomuuliza hali yake alinijibu habari za mumewe. Nikampima yeye presha. Ilikuwa juu sana, na vidonge vyake vilikuwa bado kwenye karatasi, havijaguswa, kwa sababu vilimpeleka haja ndogo mara kwa mara na hakutaka kuondoka mlangoni. "Mwanangu, nikisinzia tu anatoka," aliniambia. Watoto walikuwa Doha na Nairobi, na pesa zilifika kila mwezi bila kukosa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mama yao analala saa ngapi.

Hatukuanza na kumhamisha mzee. Tuliajiri kijana wa zamu ya usiku, mkewe akahamia chumba cha ndani, dawa zake za presha zikarudi, na nyumba ikapumua kwa muda mrefu. Mambo yaligeuka mzee alipoanza kumpiga yule kijana kila akimbadilisha nepi, na alipoanguka bafuni wakaitwa majirani wawili kumwinua. Hapo niliwaambia watoto wake waanze kutafuta mahali.

Kabla ya kufika huko, tazameni kasi ya mabadiliko. Dimenshia ya kawaida humdhoofisha mtu polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akitembea na kula mwenyewe Ijumaa, kisha Jumatatu hajui alipo, anaona watu ukutani au analala mchana kutwa, ana jambo jingine lililoingia juu ya dimenshia, na hiyo ni dharura ya hospitali. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, au kufunga choo kwa siku nyingi. Wazee wengi huumwa hivyo bila homa yoyote, kwa hiyo msisubiri joto lipande. Mpelekeeni daktari mfuko mzima wa dawa, na zile zilizonunuliwa dukani bila cheti pia. Dawa ya mafua na mzio kama Piriton, ambayo watu humpa mzee ili alale, huzidisha kuchanganyikiwa, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, vivyo hivyo. Mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi anaweza kuwa amepungukiwa vitamini B12. Tezi ya shingo inaweza kuwa inafanya kazi kwa ulegevu. Yote mawili huvuruga akili. Mtoto wa jicho na nta ya masikio humfanya mtu aonekane amepotea kuliko alivyo. Nimeona familia ikiwa karibu kulipia nyumba ya wazee kwa sababu ya maambukizi ya mkojo yaliyotulia kwa dawa za siku chache.

Haya yote yakishachunguzwa na hali ikabaki ile ile, mimi huangalia mambo ambayo nyumba ya kawaida haiwezi kuyabeba. Usiku unahitaji mtu aliye macho, na mtu huyo hayupo. Mwili wa mzee unahitaji watu wawili kuuinua na kuugeuza, la sivyo vidonda vya kulalia vinaanza kiunoni na visiginoni. Chakula kinampalia kila mlo. Anatoka na kupotea ingawa milango inafungwa. Au mlezi mwenyewe ameanza kuugua, kulia jikoni, kumjibu mzee kwa kofi. Hili la mwisho watu hunificha, nami hulisikia bila kuhukumu, kwa sababu aliyenyimwa usingizi muda mrefu hufika mahali ambapo hajijui. Na mlezi huyo mara nyingi si mtoto wa nyumba. Ni dada wa kazi, msichana mdogo aliyeajiriwa kupika na kufua, aliyeachiwa mzee anayemwita mwizi na kumrushia vikombe, bila siku ya mapumziko. Mkisema "mama yuko sawa nyumbani", hakikisheni hamsemi hivyo kwa gharama ya mtoto wa mtu mwingine.

Aibu ndiyo inayochelewesha wengi, nami naielewa inatoka wapi. Makao ya wazee tuliyoyazoea Afrika Mashariki, kama Sebleni na Welezo kule Unguja, Nunge kule Kigamboni, au Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor, yalikusudiwa wazee maskini au wasio na mtu. Mwenye watoto wanne akionekana huko, mtaa mzima unauliza wanawe wamekufa? Nyumba binafsi za kulipia, zenye walezi wanaoijua dimenshia, ni chache na nyingi ziko Nairobi na viunga vyake. Wengine huniambia huu ni ugonjwa wa wazungu, sisi wetu ni uzee tu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013 ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 waliotimiza miaka 70 wana dimenshia. Tunao. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Mzigo huu haukuandikiwa binti mmoja asiyeolewa.

Mkienda kuikagua nyumba, msiende saa nne asubuhi mnapotarajiwa. Nendeni saa kumi na mbili jioni, wakati wazee wanapoanza kuhangaika. Ulizeni walezi wangapi watabaki usiku na kwa wazee wangapi, kisha ombeni kuwaona hao walezi. Tazameni kucha za wazee, midomo yao kama imekauka, kikombe cha maji kama kinafikika. Tazameni kama kuna aliyefungwa kitini kwa kitambaa. Ulizeni nani atamwogesha mama, mwanamke au mwanamume. Ulizeni lugha pia: dimenshia mara nyingi hula kwanza lugha zilizojifunzwa baadaye, na bibi aliyezungumza Kiswahili maisha yake yote mjini huweza kubaki na Kidigo cha utotoni peke yake. Asipopata mtu wa kumwelewa akiomba maji, ataitwa mkorofi.

Ulizeni pia wanafanya nini mzee akipiga kelele usiku. Jibu likianza na sindano, au na haloperidoli, dawa kali ya magonjwa ya akili, kila jioni kwa kila mtu, tafuteni kwingine. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za aina hii za kizazi kipya huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, na 2008 onyo hilo likajumuisha zile za zamani. Zina kazi yake pale mzee anapokuwa hatari kwake au kwa wenzake, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, chini ya daktari. Hazina kazi ya kupunguza idadi ya walezi.

Akishahamia, kuna watakaowashauri msiende kumwona wiki mbili "ili azoee". Sikubaliani nao. Nendeni, ila ziara iwe fupi na iwe na shughuli ya mikono: mpakeni mafuta miguuni, mkateni kucha, mlisheni uji. Atasema anataka kwenda nyumbani. Msibishane naye wala msimwahidi kesho. Mwulizeni nyumbani kuna nani, mwacheni asimulie. Ondokeni mlezi anapomletea chai, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Mwezi wa kwanza ombeni apimwe uzito kila wiki na muuone wenyewe daftarini. Akipungua kilo mbili au tatu, mwiteni msimamizi siku hiyo hiyo, kaeni na mzee wakati wa mlo, mtazame nani anamlisha, kwa muda gani, na sahani inarudi jikoni ikiwa na nini.