Tajini ni nini, na kwa nini rosti yenye zabibu si tajini

Tajini ni chungu kipana cha udongo, kina kifupi, chenye mfuniko uliochongoka kama paa la nyumba ya msonge. Ni pia chakula kinachoivia polepole ndani ya chungu hicho, na kwao hasa ni Moroko. Maana yenyewe imekwisha hapo.

Kinachobaki ni fujo. Siku hizi kuku yeyote aliyenyunyiziwa mdalasini na zabibu kavu anaitwa tajini. Menyu zinaandika "tajini na kuskus" (kuskus ni chembe ndogo za ngano zinazopikwa kwa mvuke) kama vile hivyo viwili ni wali na maharage. Madukani kuna pakiti za "viungo vya tajini". Na wapo wanaoitamka "tagini", kwa g ile ya gari.

Tuanze na hiyo g. Kwa Kiarabu neno hili linaandikwa kwa ta nzito, ile ya tabia na tabibu, kisha alifu, jimu na nuni. Jimu ni ile ile ya jirani na jamaa, sauti ambayo Mswahili hana shida nayo hata kidogo. Wafaransa ndio walioliandika kwa g, kwa kuwa g yao ikitangulia i hailii kama yetu, nasi tukaisoma herufi yao kwa sauti yetu. Wamisri wanasema "tagin" kwa haki yao, maana jimu ya Cairo ni g. Lakini tagin ya Misri ni bakuli la udongo lisilo na mfuniko wa msonge, linaloingizwa kwenye oveni, mara nyingi na bamia na nyama. Kwa hiyo anayesema "tagini" ametamka vizuri kabisa, ila ametaja chakula kingine.

Waarabu nao hawakulianzisha. Kigiriki cha kale kina *tagenon*, yaani kikaango, na Ugiriki ya leo kikaango bado kinaitwa *tigani*. Katika vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya zama za kati, tajin ni chombo cha kukaangia. Neno likasafiri, kila mji ukalikata kwa kisu chake. Tunisia tajini ni mayai yaliyopigwa na nyama na jibini, yakaokwa yakawa kama keki nene ya kukatwa vipande, hivyo mtu wa Tunis ukimwahidi tajini atakaa akisubiri kisu, si mkate. Lebanon ni samaki katika rojo la ufuta. Moroko ndipo neno la kikaango lilipoishia kwenye chungu ambacho upishi wake hauanzi kwa kukaanga. Hapo ndipo penye ugomvi wetu.

Chakula kuitwa kwa jina la chombo si ajabu kwetu. Mshikaki ni kijiti kabla hakijawa nyama, na mkate wa sinia umepewa jina la sinia. Hakuna anayechemsha nyama kwenye sufuria akaiita mishikaki. Ungedhani basi bila chungu hakuna tajini, hoja imefungwa. Haijafungwa, kwa sababu Wamoroko wenyewe majumbani hutumia sana sufuria ya presha, wakapakua mezani chakula kile kile, na hakuna jirani anayewashitaki. Chungu kinasaidia, lakini kinachotenganisha tajini na rosti ni mpango wa upishi: kipi kinaingia lini, na maji yanakwenda wapi.

Mpishi wa pwani anapotengeneza rosti anachemsha mafuta, anakaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, anatia thomu na tangawizi, anafuatisha nyanya mpaka mafuta yajitenge, ndipo kuku anaingia. Ladha yote imejengwa kabla kuku hajafika. Tajini ya kuku inakwenda kinyume: kuku, kitunguu kibichi, viungo na mafuta vinaingia pamoja kwenye chombo cha baridi, moto unawashwa baadaye, na rojo linajengwa mwishoni, maji yakishapungua. Nyanya hazimo. Kitunguu hakitakiwi kuwa kahawia, kinatakiwa kiyeyuke.

Wamoroko wana majina ya rojo zao. *Mqalli* ni ya njano, ya zafarani, tangawizi na mafuta ya zeituni. *Mhammar* ni nyekundu, ya paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyowasha) na bizari nyembamba pamoja na siagi. *Qadra* ni ya siagi, kitunguu kingi na pilipili manga, mara nyingi na dengu. *Mshermel* inatokana na charmoula, yaani kotimiri, thomu, bizari na limau vilivyopondwa. Ukitaka kujua kama mtu anaifahamu tajini, muulize ni rojo ipi. Akijibu "ya viungo vya Moroko", mletee maji ya kunywa.

Kuku mwenye limau na zeituni, anayejulikana kuliko wote, ni mqalli. Neno hilo maana yake ni "iliyokaangwa", kichekesho kingine, ila kina ukweli wake: maji yakiisha, kilichobaki chini ya chombo ni kitunguu kilichoyeyuka kikijikaanga taratibu kwenye mafuta.

Kwa kuku mmoja wa kilo moja na nusu, aliyekatwa vipande vinane, unahitaji vitunguu nusu kilo vilivyokwaruzwa kama karoti au kukatwa vidogo sana, punje tatu za thomu zilizopondwa, kijiko cha chai cha tangawizi ya unga, nusu kijiko cha chai cha manjano, nusu cha pilipili manga, zafarani ya kushika kwa ncha za vidole viwili, vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya zeituni, na fungu dogo la kotimiri lililofungwa uzi ili litolewe baadaye. Chumvi ni nusu kijiko cha chai tu, maana limau na zeituni zinakuja na yao. Mpake kuku viungo, mwache saa mbili, au alale kwenye friji.

Weka vyote kwenye chombo cha baridi, kasoro limau na zeituni. Moto mdogo. Kwa dakika kumi na tano za kwanza usitie maji, geuza vipande tu mara mbili tatu. Kitunguu ni maji karibu asilimia 90, na utaona kinavyojaza chini ya chombo bila kusaidiwa. Ndipo utie maji: kikombe kimoja cha mililita 250 kwa sufuria, nusu kikombe kwa chungu cha udongo. Hapa ndipo wengi wanapoiharibu, wanamimina mpaka kuku azame kama wanapika supu, halafu wanashangaa rojo lao jembamba. Funika. Uchemke kwa chini kwa chini, vipovu viwili vitatu vikichomoza pembeni, basi. Kuku wa kisasa huiva kwa dakika 45 hadi saa moja kwenye sufuria, saa moja na nusu kwenye chungu. Wa kienyeji mpe saa mbili na nusu, na umwongeze maji kidogo kidogo, ya moto.

Akiiva, mtoe. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Ukimwacha kuku wa kisasa ndani huku unakausha mchuzi, nyama itaachana na mfupa na utapakua nyuzi. Mweke pembeni, au mwingize kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika kumi ngozi ichukue rangi. Kuku wa tajini akikaushwa hukaushwa baada ya kuiva, si kabla. Mchuzi ubaki motoni bila mfuniko, ukikoroga, dakika kumi hadi kumi na tano. Ukiwa na maini ya kuku, chemsha mawili humo humo, yaponde kwa uma uyarudishe: rojo litashika na litakuwa na uzito ambao unga wa mahindi hauwezi kuuiga. Wamoroko huliita rojo hili zito *daghmira*. Utajua limefika ukipitisha mwiko katikati na njia ikabaki wazi kwa pumzi moja kabla haijajifunga, na mafuta ya njano yamesimama pembeni.

Sasa ndipo limau na zeituni, na kuku arudi, dakika kumi za mwisho. Limau hapa ni la kuwekwa kwenye chumvi: malimau madogo ya ganda jembamba yanakatwa mara nne bila kuachana kitakoni, kila moja linashindiliwa kijiko kikubwa cha chumvi, yanabanwa kwenye chupa ya kioo na kufunikwa kwa maji ya malimau mengine kwa wiki nne. Suuza limau moja, kwangua nyama ya ndani uitupe, tumia ganda tu. Uchungu ambao watu huulaumu kwa zafarani mara nyingi unatoka kwenye ile nyama ya ndani, au kwenye ganda lililochemshwa tangu mwanzo. Achari ya ndimu ya pwani si mbadala, ina pilipili, itakigeuza chungu kizima kuwa achari. Zeituni gramu 100, na kama ni chumvi tupu zipitishe kwenye maji ya moto kwanza.

Turudi kwenye chungu, maana nacho kimezungukwa na hadithi. Husemwa kwamba mfuniko wa msonge una siri ya kurudisha mvuke chini. Mfuniko wowote unaobana hurudisha mvuke. Faida yake ya kweli ni kwamba kishikio kiko juu, mbali na moto, na mboga zinaweza kurundikwa kama kilima. Tena wa udongo haubani sana, mvuke kidogo hupenya, ndiyo maana kwenye chungu rojo hukaribia kujikaza lenyewe na kwenye sufuria lazima ulikaushe kwa mkono. Kwa jadi chungu hukaa juu ya *mijmar*, jiko dogo la mkaa. Waswahili wa Oman watalitambua jina hilo, ila wao majmar yao ni chetezo cha ubani.

Udongo hupasuka kwa mshituko wa joto. Chungu kipya ambacho hakijapakwa rangi kiloweke saa kumi na mbili, kikaushe, kipake mafuta ya zeituni, kiingize kwenye oveni ambayo bado ni baridi, ipandishe mpaka nyuzi 150 kwa saa mbili, kisha kipoe humo humo. Kwenye gesi weka bati nene kati ya moto na chungu. Usikipashe kitupu, usikimiminie maji baridi kikiwa moto, usikiweke juu ya sementi yenye majimaji. Vile vyenye nakshi za buluu na kijani vinavyobebwa kama zawadi ni vya kupakulia. Baadhi ya ming'aro hiyo ina madini ya risasi, na asidi ya limau huyatoa.

Zabibu zilitoka wapi, basi? Kuna *tfaya*, vitunguu vilivyopikwa polepole na zabibu, mdalasini na kitu kitamu mpaka viwe vyeusi kama asali ya tende. Mara nyingi huwekwa juu ya kuskus. Kuskus nayo ni mlo kamili, wa mvuke, wenye mchuzi wake na siku yake, Ijumaa. Haijawahi kuwa kitanda cha tajini. Tajini huliwa kwa mkate, unamegwa kwa vidole na kuzoa rojo kutoka ukingoni kwenda katikati. Boflo linafaa kabisa. Wali utanyonya rojo lote na kazi ya saa mbili itapotea ndani ya punje.

Kuhusu ile pakiti: inayouzwa kwa jina la tajini mara nyingi ni *ras el hanut*, "kichwa cha duka", yaani bora ya muuzaji. Ras ni yule yule wa rasilimali, na hanut ni duka. Ni mchanganyiko mzuri kwa nyama tamu yenye matunda. Kwenye mqalli ya limau unafunika zafarani uliyoilipia ghali.

Hivyo aliyeanza na kitunguu cha dhahabu na nyanya, akamalizia kwa mdalasini na zabibu, amepika rosti ya kuku, na huenda ni tamu kuliko tajini za wengi. Aiite rosti, haitaona aibu. Aliyetaka tajini aanze na sufuria ya baridi kesho. Na mgeni akisifu "tagini" yako, mwongezee boflo, umjibu kwa j.